Staph wangu wanawaka kijani kwa kingamwili isiyo yao. Ni mnyororo upi unashika?

#1 SlaidiTatu
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni kupaka Salmonella kwa kingamwili (protini za ulinzi za damu) za sungura zilizofungwa rangi ya FITC, inayowaka kijani, kisha kuwatazama kwenye hadubini ya mwanga wa buluu. Nina slaidi tatu: Salmonella, E. coli, na Staphylococcus aureus niliyemweka kama kontroli hasi (slaidi isiyotakiwa kuwaka), maana nilijiambia huyu hana undugu wowote na Salmonella.

Salmonella wametoka vizuri, kila kijiti kina ukingo wa kijani na katikati giza. E. coli kimya. Sasa njoo kwa staph! Vichala vizima vinawaka kama taa za harusini, kuliko hata Salmonella wenyewe. Nimeosha mara tatu, dakika tano tano, nimerudia wiki nzima, hali ni ile ile. Mwenzangu wa benchi anasema mnyororo mzito wa kingamwili ndio unaong'ang'ania. Mwingine anasema mzito bila mwepesi hauna kazi. Msimamizi yeye kasema "osha vizuri". Ijumaa natakiwa kuonyesha picha.

#2 KijanaWaUkonga
Osha vizuri.

#3 FundiBenchi
Kijana, umechagua kontroli mbaya kuliko zote. Staph aureus amevaa protini A ukutani, na protini A hukamata kingamwili kwa nyuma.

Chora herufi Y. Mikono miwili ya juu ndiyo inayomtambua mdudu, na kila mkono una mnyororo mwepesi mzima pamoja na nusu ya juu ya mnyororo mzito. Mguu wa chini, wanaouita Fc, ni minyororo mizito mitupu. Protini A ina vishikio vitano mfululizo na vyote vinaudaka huo mguu. Kwa hiyo kingamwili yako imeshikwa kisigino, mikono inaelea haina habari. Mdudu ana faida yake hapo: seli za ulinzi zikija zinakuta ule mguu wa kushika umegeuziwa ukutani.

Na IgG (kingamwili kuu ya damu) ya sungura ni miongoni mwa zinazopendwa sana na protini A. Niliangukia shimo hilo hilo enzi zangu, nikaandika kwenye ripoti kwamba kingamwili yangu "inatambua bakteria wa aina nyingi". Ripoti ipo kabatini na ufunguo ninao mimi.

Jaribu hivi: kabla ya kumwaga kingamwili yenye rangi, mwagia seramu (maji ya damu) ya sungura wa kawaida isiyo na rangi, nusu saa. Vishikio vikishajaa, yenye rangi itakosa pa kukaa.

#4 MkemiaTanga
Kabla hamjamhukumu protini A, nani aliipaka rangi hiyo kingamwili na kwa kiasi gani? FITC hujifunga kwenye vikundi vya amino, hasa vya laisini (moja ya asidi amino), na laisini zimetapakaa kwenye minyororo yote, mizito na myepesi. Ukizidisha rangi unapata hasara mbili. Laisini zilizo karibu na kishikio zikifunikwa, kingamwili inalegea kwa mdudu wake. Halafu kila rangi inayoingia inaongeza chaji hasi, kingamwili inaanza kunata ovyo popote penye chaji chanya. Rangi mbili hadi nne kwa kila IgG zinatosha. Nimeona watu wanamimina mpaka chupa inakuwa kama juisi ya embe.

#5 SlaidiTatu
@MkemiaTanga aliipaka mwanafunzi aliyemaliza mwaka juzi. Rangi yake ni njano ya kwenda kwenye chungwa. Waliniambia ilisafishwa kwa kulazwa ndani ya mfuko wa utando kwenye bafa (maji yanayotuliza pH) usiku mmoja. Tarehe iliandikwa kwa kalamu ya ubao, imefutika.

#6 KijanaWaUkonga
Juisi ya embe imethibitishwa.

#7 MkemiaTanga
Usiku mmoja, naapa bafa haikubadilishwa hata mara moja. Rangi isiyofungwa inajificha kwenye protini bila kuungana nayo, halafu inahamia kwa mdudu. Ipitishe kwenye kolamu ya jeli kwanza. Lakini ningekuwa wewe ningeanza na kipimo rahisi: chukua albumini (protini ya damu) ya ng'ombe, ipake FITC, mwagia staph. Wakiwaka, kingamwili haina kosa.

#8 DaktariWaMifugo
Nyote mmemsahau sungura mwenyewe. Sungura hupata staph, tena sana: majipu ya nyayo, matiti kuvimba, usaha chini ya ngozi. Nilipokuwa nahudumia banda moja la sungura wa utafiti, nusu yao nyayo zilikuwa na vidonda kwa sababu ya waya za sakafu. Sungura wa namna hiyo ukimchoma Salmonella, seramu yake inabeba kingamwili za Salmonella na za staph pia, tena halisi, zinazoshika kwa mikono. Na ukipaka rangi IgG yote ya seramu, sehemu iliyo ya Salmonella ni ndogo tu, nyingine yote ni historia ya maisha ya huyo sungura.

Kwa hiyo @SlaidiTatu, inawezekana staph wako wanatambuliwa kihalali kabisa.

#9 NesiWaTB
Samahani kuingilia. Sisi kliniki ya TB tunaona vijiti vinawaka njano kila siku na hatuna sungura. Labda staph wako wana nta kama TB?

#10 FundiBenchi
@NesiWaTB dada, hiyo ni auramini. Ni rangi tupu, haina kingamwili ndani yake, inakaa kwenye ukuta wa TB wenye asidi za mikoliki na kukataa kutoka hata ukimwagia asidi na pombe. Staph hana ukuta wa namna hiyo. Ila nawaonea wivu hadubini zenu za LED. Tangu WHO ipendekeze LED mwaka 2011 nyie mmesahau adha ya taa za zebaki, sisi bado tunahesabu saa. Taa ya wati 100 inaishi kama saa 200, halafu umeme ukikatika inabidi uiache ipoe kabla ya kuiwasha tena.

#11 NesiWaTB
Asante kaka. Zetu nazo zinakatika, ila tuna betri 😀

#12 MzeeWaPapai
Swali la mnyororo naona limerukwa, ngoja nirudi nyuma kidogo maana ndilo tamu.

Mwaka 1959 watu wawili, kila mmoja kwake, waliifungua kingamwili. Rodney Porter, Uingereza, aliikata IgG ya sungura kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, kilekile ambacho mama zetu wanalainishia nyama ya bibi ng'ombe kwa majani na maganda. Alipata vipande vitatu: viwili vinashika antijeni (kile ambacho kingamwili inatambua), kimoja hakishiki kitu lakini kinaganda fuwele. Hicho cha tatu ndicho Fc, ule mguu wa bandiko #3. Gerald Edelman, Marekani, yeye alivunja madaraja ya salfa, minyororo ikaachana. Kila mzito kama 50,000 na kila mwepesi kama 25,000 kwa uzito wa molekuli, wawili wawili, jumla 150,000. Wakapewa Nobel pamoja mwaka 1972.

Baadaye watu wakauliza swali hili hili la @SlaidiTatu: ukiitenganisha minyororo, nani anashika? Jibu lililotoka miaka ya 60 halikumfurahisha mtu. Mzito peke yake ulibakiza sehemu ya nguvu, mwepesi peke yake karibu hakuna, ukiichanganya tena nguvu nyingi inarudi. Kwa hiyo wenzako wa benchi wote wawili wana robo ya ukweli. Kazi nyingi ni ya mzito, lakini mzito ukiuacha wenyewe kwenye bafa ya kawaida unaganda mabonge. Na bonge lenye FITC likiangukia kichala cha staph, utaapa umeona kingamwili.

#13 AbuNaqa_Muscat
"Mzito peke yake unaganda mabonge." Ngamia hakubaliani nawe mzee.

#14 MzeeWaPapai
Ngamia kafanya nini tena?

#15 AbuNaqa_Muscat
Ngamia ana kingamwili za kawaida kama zetu, lakini pia ana nyingine zisizo na mnyororo mwepesi kabisa. Mizito miwili, basi, na inashika antijeni barabara. Waligundua Wabelgiji wa Brussels, wakachapisha 1993. Ile ncha ya kushika ukiikata peke yake ina uzito kama 15,000, sehemu moja ya kumi ya IgG nzima, na haigandi kwa sababu pale ambapo mnyororo mwepesi ungeegemea, ngamia amebadilisha asidi amino chache zipende maji. Ipake rangi, itapenya mahali ambapo IgG nzima inakwama mlangoni.

Kwa hiyo kauli ya "mzito bila mwepesi hauna kazi" ni ya sungura na binadamu. Huku kwetu haipiti.

#16 KijanaWaUkonga
Ijumaa SlaidiTatu anaingia ukumbini na ngamia.

#17 MtotoWaGarissa
Aje kwetu tutamkopesha. Ila damu atoe yeye, huyo mnyama anapiga teke la pembeni, uliza paja langu la kushoto.

#18 JikoLaProtini
Masahihisho mawili kwa #3, bila ubaya.

Kwanza, kupendwa na protini A kunategemea mnyama. Sungura, ndiyo, sana. Binadamu, IgG1, 2 na 4 zinashikwa, IgG3 kwa kawaida haishikwi. Mbuzi na kondoo hafifu, panya wa IgG1 hafifu. Kuku hashikwi kabisa: kingamwili ya kiini cha yai, IgY, ina mguu ambao protini A haiutambui. Ukipata anti-Salmonella ya kuku, nusu ya uzi huu inafungwa leo.

Pili, si kweli kwamba protini A inashika mguu tu. Kwa binadamu inashika pia ubavu wa mkono, kwenye mnyororo mzito wa familia ya VH3, mbali na kile kishikio cha antijeni. Kwa hiyo hata ukikata mguu wote ukabaki na mikono, baadhi ya mikono bado itadakwa. Na msidhani mwepesi umesalimika: kuna bakteria mwingine, zamani akiitwa Peptostreptococcus magnus, ana protini L inayoshika mnyororo mwepesi wa aina ya kapa. Hawa wadudu wamegawana kingamwili kama nyama ya kitoweo, huyu paja, yule ubavu.

#19 FundiBenchi
Nimekubali la pili. La kwanza nilisema sungura, soma vizuri 😀

#20 DadaSeramu
Hadithi ya minyororo imenikumbusha kitu, ingawa kwangu staph hayumo.

Nilikuwa kitengo cha kaswende, kile kipimo cha kuwasha treponema (bakteria wa kaswende) kwenye slaidi. Unawakausha treponema wa aina ya Nichols, unaweka seramu ya mgonjwa iliyokwisha kuchujwa kwa dondoo ya treponema wa aina ya Reiter (asiyeleta ugonjwa), halafu unawekea kingamwili ya pili yenye rangi inayotambua kingamwili za binadamu. Kopo letu lilikuwa la H+L, yaani inatambua minyororo mizito ya IgG na myepesi pia. Watu hawalitilii maanani hilo "L". Mnyororo mwepesi, kapa au lamda, ni ule ule kwa IgG na IgM, kingamwili ya aina nyingine. Kopo la H+L linawasha vyote viwili, na wewe unaandika "IgG" kwa raha zako.

Kwa mtu mzima haidhuru sana. Kwa mtoto mchanga ni balaa, kwa sababu IgG yake ni ya mama, imevuka kondo, na IgM haivuki. Ukiona IgM dhidi ya treponema, ni ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo tukaagiza kopo la mnyororo mu, mzito wa IgM pekee. Wiki ya kwanza tukapata kichanga kinachowaka vizuri, wanafunzi wote wakaitwa kutazama. Kikachomwa penisilini siku kumi. Tulipokuja kuitenga IgM ya seramu ile ile iliyobaki kwenye friji na kurudia, giza. Hakuna kitu.

Tulielezwa hivi: mtoto anaweza kutengeneza IgM dhidi ya IgG ya mama. IgG ya mama inamshika treponema, IgM ya mtoto inapanda juu ya IgG ya mama, kopo la mu linawasha IgM. Mwanga ni wa kweli, mnyororo ni wa kweli, ila haujamgusa treponema. Na kinyume chake kipo: IgG ya mama ikishakalia nafasi zote, IgM ya mtoto mgonjwa kweli haipati pa kukaa, unasoma hasi.

Mpaka leo nikiona kijani nauliza kwanza, huyu ameshika nini.

#21 SlaidiTatu
Dada hii imenitisha. Lakini mimi sina kingamwili ya pili, rangi iko moja kwa moja kwenye ile ya sungura. Si tofauti?

#22 DadaSeramu
Tofauti, ndiyo. Nimesema imenikumbusha tu. Uzee.

#23 Pembezoni
Naona hakuna aliyeuliza: umewatazama staph bila kupaka chochote? Albert Coons na wenzake wa Harvard mwaka 1941 walianza na rangi ya anthrasini inayowaka buluu, wakapaka kingamwili za nimokoka (bakteria wa nimonia) aina ya 3. Ilifanya kazi, ila tishu zenyewe zinawaka buluu-buluu kwa asili, ikawa vurugu, mwaka uliofuata wakahamia fluoresini ya kijani. Kijani nacho hakiko salama. Pseudomonas anatoa pioverdini, rangi yake mwenyewe, anang'aa bila kualikwa. Staph aureus ana rangi ya dhahabu, sijui kwenye chujio lako itakuwaje.

#24 SlaidiTatu
Wakuu nimerudi, nimekesha. Haya ndiyo niliyopata:

Staph wasiopakwa: giza tupu, kwa hiyo @Pembezoni hilo limekwisha.
Albumini yenye FITC: wanawaka kidogo, kama makaa yanayozimika.
Seramu ya sungura wa kawaida kwanza, kisha kingamwili: mwanga umeshuka sana. Bado upo, inabidi ukae gizani dakika mbili macho yazoee ndipo unauona.
Kisha nikachukua staph waliouawa kwa formalini, nikawachanganya na kingamwili saa moja, nikawazungusha kwenye mashine, nikatumia maji ya juu. Staph kwenye slaidi: giza.

Kwa hiyo ni protini A, au vipi?

#25 FundiBenchi
Nilisema.

#26 DaktariWaMifugo
Hukusema chochote bwana. Seramu ya huyo sungura "wa kawaida" imetoka wapi?

#27 SlaidiTatu
Banda lile lile.

#28 DaktariWaMifugo
Basi naye ana staph nyayoni. Seramu yake inaziba protini A kwa miguu na inaziba antijeni za staph kwa mikono. Mwanga utashuka kwa sababu zote mbili na hutajua ipi. Na kile kipimo cha formalini vivyo hivyo: staph wa formalini wanafyonza IgG kwa protini A na wanafyonza kingamwili zao halali pia. Ulipata giza, lakini giza la nani?

#29 JikoLaProtini
Daktari yuko sahihi, inauma. Halafu @SlaidiTatu, hayo maji ya juu uliwahi kuyajaribu kwa Salmonella?

#30 SlaidiTatu
Wamefifia nao. Nilidhani taa inakufa.

#31 JikoLaProtini
Taa haina kosa. Staph wa formalini wameokota IgG kwa mguu bila kuchagua, na anti-Salmonella yako imeondoka nao. Hiyo inaonyesha protini A ipo na inafanya kazi. Haionyeshi kwamba ndiyo peke yake. Tafuta aina mbili za staph: Cowan I, ambaye amejaa protini A, na Wood 46, ambaye karibu hana. Wood 46 akiwaka, sungura ana hatia. Akiwa giza huku Cowan anawaka, fundi anakunywa soda.

#32 MkemiaTanga
Na makaa yanayozimika ya albumini? Mmeyaruka kimya kimya. Hakuna mguu pale, hakuna sungura, kuna rangi na chaji. Mwanga uliobaki baada ya seramu unaweza kuwa huo huo.

#33 MzeeWaPapai
Au mabonge.

#34 SlaidiTatu
Wood 46 hatuna. Kuku wa Salmonella hatuna. Pepsini (kimeng'enya kinachokata protini) tunayo. Nikikata mguu nikabaki na mikono miwili iliyoungana, si nitajua?

#35 FundiBenchi
Utajua. Pepsini, bafa ya asetati ya pH 4 na kidogo, nyuzi 37 usiku mzima, asubuhi rudisha pH ipande la sivyo inaendelea kula. Ukimaliza rudisha pia kwenye bafa ya 8 kabla ya kutazama, fluoresini kwenye asidi inazima, usije ukasema umepata giza. Kisha ondoa IgG ambazo hazikukatwa.

#36 SlaidiTatu
Naziondoaje?

#37 FundiBenchi
Kwa protini A. Kolamu kama unayo, kama huna hao hao staph wako wa formalini.

#38 DaktariWaMifugo
Hapana! Akitumia staph wa formalini, mikono inayowatambua staph kihalali nayo inafyonzwa. Atapata giza, mtasherehekea, na mshukiwa wangu mtakuwa mmemtupa kwenye sinki.

#39 FundiBenchi
Ah. Kweli. Kolamu basi.

#40 KijanaWaUkonga
Leo Jumatano.

#41 SlaidiTatu
Kuna mtu Dar ana kolamu ndogo ya protini A ya kuazima hadi Ijumaa asubuhi? Nitakuja kuichukua mwenyewe.

#42 JikoLaProtini
Ninayo ya mililita moja, imetumika mara mbili. Iko kwenye friji, usiigandishe hata kwa bahati mbaya. Njoo PM. Na Ijumaa weka picha ya albumini pembeni ya hizo nyingine, usiifiche.

#43 MtotoWaGarissa
Ngamia tumfungue au asubiri?